Kozi wa Masika: Uhesabuji wa Ndege Wawindaji na Nchi ya Sangailu

Kuhesabu ndege wawindaji wakati wa uhamaji wao, yaani safari yao ya kila mwaka baina ya nchi wanakozaliana na nchi wanakokimbilia baridi inapoingia, ni kazi changa katika historia ya elimu ya ndege, na tangu mwanzo imebebwa zaidi na watu wa kujitolea. Kituo kinachotambuliwa kuwa cha kwanza kilianzishwa mwaka 1934 kwenye mlima mmoja wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, mahali ambapo wenye bunduki walikuwa wakikusanyika kila vuli kuwaua mwewe na tai kwa kujifurahisha tu. Mwanamke aliyeitwa Rosalie Edge aliukodi mlima ule, akamweka Maurice Broun kuulinda, na Broun, aliyekuwa na kazi ya kuwazuia wawindaji, akaanza kuandika idadi ya ndege waliopita juu ya kichwa chake siku baada ya siku. Hesabu iliyoanza hivyo ndiyo iliyokuja kuwa ushahidi, miongo kadhaa baadaye, kwamba sumu za kilimo zilikuwa zikiwamaliza baadhi ya ndege hao.

Kazi hiyo ilienea kwa kufuata umbo la nchi. Tai na shakivale, ndege wazito wenye mabawa mapana, hawapigi mabawa safari nzima, bali hupanda kwa kuzunguka ndani ya mikondo ya hewa ya joto inayoinuka kutoka kwenye ardhi iliyopigwa na jua, kisha huteremka taratibu hadi mkondo unaofuata, na kwa kuwa bahari haitoi mikondo ya namna hiyo wao huikwepa na kubanana kwenye shingo za nchi kavu na milango ya bahari. Mhesabu hachanganyikiwi na kundi linalozunguka, kwani husubiri ndege wafike juu ya mkondo, watoke mmoja mmoja kama shanga zinazochomoka kwenye uzi, na hapo huwahesabu wanapovuka mstari aliouchagua angani. Huko Eilat, kusini mwa Israeli, masika ya mwaka 1985 yalitoa hesabu ya zaidi ya ndege milioni moja. Katika mlango wa Bab el Mandeb, unaoitenga Yemeni na Jibuti kwa maji ya takriban kilomita 30, kikundi kidogo cha wahesabu kilikaa upande wa Jibuti msimu wa vuli wa mwaka 1987 na kuandika ndege takriban 246,000, wakiwemo tai wa nyika za Asia zaidi ya 76,000, na hivyo ulimwengu ukatambua kwamba pembe hii ya Afrika ni mojawapo ya malango makuu ya ndege wawindaji duniani. Huko Batumi, Georgia, watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wamekuwa wakihesabu kila vuli tangu mwaka 2008.

Sangailu haina mlima wala mlango wa bahari. Ni nchi tambarare ya wafugaji wa Kisomali kusini mwa kaunti ya Garissa, kati ya mto Tana na mpaka wa Somalia, ikipakana upande wa pwani na misitu ya Boni, na ndege wanaopita juu yake hawana kitu cha kuwabana, kwa hiyo husambaa katika anga pana. Hata hivyo, upande huu wa mashariki mwa Kenya unapitiwa na msafiri mmoja ambaye hakuna mwingine anayestahili kuhesabiwa kuliko yeye, naye ni kozi wa Amur, ndege asiyezidi gramu 200, mwenye miguu myekundu, anayezaliana kusini-mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China na kuishi kusini mwa Afrika wakati kwao ni baridi. Tofauti na tai, kozi huyu hupiga mabawa na haogopi maji. Mwishoni mwa mwaka huvuka bahari kutoka India hadi Somalia, kiasi cha kilomita 3,000, akisukumwa na kaskazi, upepo uleule uliozileta jahazi za Uarabuni na India hadi Lamu na Mombasa. Safari ya kurudi huanza kaskazi inapokwisha, naye hupita Kenya mwezi wa Aprili, karibu na majira ya maleleji, yaani kipindi cha pepo zisizotulia kabla ya kusi kushika nguvu. Wakati huo mvua ambazo Wasomali huziita gu na Waswahili huziita masika zimewatoa kumbikumbi ardhini, na kozi huwala hukohuko hewani. Inafaa kusisitiza kwamba mabaharia na kozi walizitumia pepo hizo kwa ratiba ileile bila ya mmoja kujifunza kwa mwingine.

Kwa nini basi njia kubwa kiasi hiki haikupata wahesabu wake? Sababu kubwa si ndege, ni utawala. Sheria ya Wilaya za Pembeni ya mwaka 1902 iliwapa Waingereza uwezo wa kuzifunga wilaya na kumzuia mgeni kuingia bila kibali, na kaskazini mwa Kenya kulitawaliwa hivyo kwa miongo mingi. Baada ya uhuru vilikuja vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, na sheria za hali ya hatari ziliendelea kuukandamiza mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao Garissa ilikuwa ndani yake, hadi mwaka 1991. Kipindi hichohicho ndicho elimu ya ndege ilipokuwa ikistawi kwingineko nchini. Jumuiya ya wapenda maumbile iliyoundwa mwaka 1909, ambayo leo ni Nature Kenya, ilikuwa na wanachama wengi Nairobi na nyanda za juu. Leslie Brown, ofisa wa kilimo aliyekuwa bingwa wa tai, alifanya utafiti wake mashuhuri Embu. Kuanzia mwaka 1969 watu wa kujitolea walikusanyika Ngulia, Tsavo Magharibi, kuwavisha pete ndege wadogo wanaovutwa na taa usiku wa ukungu. Atlasi ya ndege wa Kenya ilipochapishwa mwaka 1989, ikiigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 55 kila upande, kaskazini-mashariki palikuwa miongoni mwa sehemu zilizotembelewa mara chache zaidi. Mraba usio na alama kwenye ramani ya namna hiyo haumaanishi kwamba ndege hawakuwepo, na msomaji asiyeijua historia ya mkoa huu hupotoka kwa urahisi.

Hasara ya pengo hilo ilionekana wazi mwaka 2022, utafiti ulipolinganisha hesabu zilizofanywa kwa magari barabarani Kenya katika miaka ya 1970 na zile za miaka ya 2003 hadi 2020, ukakuta kwamba kati ya aina 22 za ndege wawindaji zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Ulinganisho wa aina hiyo hauwezekani pale ambapo hakuna aliyehesabu mara ya kwanza. Pia upo wasiwasi wa sumu, kwa sababu kozi huwala wadudu, na nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019 na kuenea mwaka uliofuata, dawa zilinyunyiziwa katika malisho ya kaunti kadhaa, Garissa ikiwemo.

Vifaa vidogo vinavyotuma ishara kwa setilaiti vimejaza sehemu ya pengo. Katika jimbo la Nagaland, India, ambako mwaka 2012 maelfu ya kozi wa Amur walinaswa kwa nyavu kila siku, wanakijiji wenyewe waliacha uwindaji huo ndani ya mwaka mmoja, na mwaka 2013 ndege watatu walivalishwa vifaa na kufuatwa hadi kusini mwa Afrika. Lakini kifaa huonyesha njia aliyopita ndege mmoja, hakisemi wamepita wangapi, na swali hilo bado linahitaji macho ya mtu aliyekaa chini ya anga. Nchini Afrika Kusini watu wa kujitolea huwahesabu kozi jioni wanaporudi kulala kwa pamoja kwenye mikaratusi ya miji midogo, njia inayofaa hasa nchi tambarare, kwa kuwa humngoja ndege pale anapotua badala ya kumtafuta katika upana wa anga.

Wafugaji wa kusini mwa Garissa si wageni wa kazi ya kuhesabu. Katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, ng'ambo ya mashariki ya mto Tana, walinzi wa Kisomali wamekuwa wakimfuatilia hirola, swala aliye hatarini kutoweka kabisa, na mwaka 2012 hirola 48 waliingizwa katika eneo lililozungushiwa ua ili wazaane. Kumjua mnyama mmoja mmoja kwa alama zake, na kutambua kutoka mbali kundi lililopungua, ni ujuzi ambao mchungaji wa ng'ombe hukua nao, na ndio uleule ambao mhesabu wa ndege mahali pengine hufundishwa kwa misimu kadhaa. Darubini, daftari na mti wanakolala kozi katika jioni za Aprili vingetosha kuanzia.