Ndege Yenye Milia

Somo letu la leo ni la historia, nalo linahusu sinema.

Bila shaka baadhi yenu mmeona zile picha za kutisha ambamo muuaji huwafuata watu gizani, kisu mkononi. Picha ya namna hiyo ikileta fedha, wenyewe hawakawii kutengeneza ya pili. Damu yake ni rangi tu, na yule aliyechinjwa huinuka, akanawa, akaenda kula. Leo nitawaeleza habari za picha ya pili ya namna nyingine, iliyopigwa huku kwetu. Mtu aliyekufa katika kazi hiyo hakuinuka.

Wengi wenu mmepita Ndabaka, katika barabara ya kutoka Bunda kwenda Mwanza. Hapo pana lango la Hifadhi ya Serengeti. Ukiingia humo ukaenda mashariki mwendo mrefu, utafika Banagi. Huko, mwaka 1958, walifanya kazi Wajerumani wawili, baba na mwana. Baba ni Dakta Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Mwana ni Michael, kijana wa miaka 23.

Picha yao ya kwanza walikuwa wameipiga Kongo, ikatoka mwaka 1956. Ilisema kwamba wanyama wa porini wanakosa mahali pa kuishi. Watu wengi waliitazama, ikaleta fedha. Grzimek akataka kununua ardhi kwa fedha hizo, aiongeze katika hifadhi. Bwana Peter Molloy, mkuu wa hifadhi za Tanganyika, akamshauri vingine: njoo utuhesabie wanyama. Wakati ule serikali ya Kiingereza ilitaka kubadili mipaka ya Serengeti, na njia za nyumbu zilikuwa hazijulikani sawasawa. Basi picha ya pili ikaanzia hapo.

Sasa tutazame nyuma ya kamera. Baba na mwana walijifunza kurusha ndege, wakaja nayo wenyewe kutoka Ujerumani. Ilikuwa ndege ndogo, aina ya Dornier, nao walikuwa wameipaka milia myeusi na myeupe kama punda milia. Waliruka chini chini, wakienda na kurudi kama mtu anayelima matuta, huku wakihesabu. Jumla waliyopata ni wanyama 366,980, na kati yao nyumbu 99,481. Lakini usiziamini mno tarakimu za mwisho. Nyumbu hawasimami foleni, na hesabu zilizofuata zilionyesha kwamba ile ya kwanza ilikuwa pungufu. Siku hizi hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, maana ugonjwa wa sotoka uliwaondokea baada ya ng'ombe kuchanjwa. Na ili kujua nyumbu wanakokwenda, waliwakamata wengine wakawavika mikanda ya rangi shingoni, waonekane kutoka angani.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake katika ndege. Tumbusi, yule ndege mkubwa alaye mizoga, akaligonga bawa. Ndege haikuongozeka tena, ikaanguka. Michael alikuwa na miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, na baadaye majivu ya baba yake yakaletwa kuzikwa papo hapo.

Baba aliimaliza picha. Hebu fikirini, kukaa siku nyingi mbele ya picha zilizopigwa na mwanao ambaye umekwisha kumzika. Ikatoka mwaka uleule wa 1959, jina lake, kwa Kiswahili, Serengeti Isife. Mwaka 1960 ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani.

Lakini kuna watu wengine katika picha hiyo, nao ni majirani zenu. Inaonyesha matanzi ya waya, na wawindaji wanaonekana kuwa ndio wabaya wa hadithi. Kwa Waikoma, Wanata na Waikizu kuwinda ilikuwa kazi ya tangu mababu, na nyama ilikaushwa ikaliwa nyumbani. Grzimek aliamini kwamba ndani ya hifadhi asiishi mtu yeyote, hata mwenyeji. Mwaka 1959 mipaka mipya ilipowekwa, Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Mimi sisemi kwamba picha ile ni ya uongo. Matanzi yalikuwapo, na nyumbu walikufa humo kwa mateso. Nasema tu kwamba msimulizi ni Mjerumani toka mwanzo hadi mwisho.

Mwezi wa Septemba 1961, mtu wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, alitia sahihi Tamko la Arusha la kuhifadhi wanyama, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira na Bwana Tewa Said Tewa. Tamko hilo liliomba pia msaada wa wataalamu na fedha kutoka nchi nyingine. Baada ya Uhuru, mwindaji wa Ikoma akawa anakamatwa na askari wa serikali yake mwenyewe.

Chukueni daftari. Andikeni maneno haya: hifadhi, mpaka, tanzi, nyumbu. Kisha kila mmoja amtafute mzee aliyekuwa mtoto mwaka 1958, amuulize kama aliiona ndege yenye milia, na kwao walikula nyama gani. Andikeni jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, hata kama linapingana na langu, mje nalo darasani.