Kadi za Weimar, 1923: Nakala za Nini?

Neno "nakala" laweza kumpotosha mwanafunzi wa historia ya sanaa. Chukua kadi za posta za Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu iliyoasisiwa na Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Mwaka 1923 shule hiyo iliandaa maonyesho makubwa, na ili kuyatangaza, walimu na wanafunzi wake walibuni kadi 20. Ya 3 ni ya Wassily Kandinsky. Ya 4 na ya 5 ni za Paul Klee. Nyingi kati yake ni sanaa dhahania: duara, pembetatu na mistari isiyoiga kitu chochote cha dunia hii.

Aghalabu kadi ya makumbusho ni picha ya picha. Mchoro wenyewe uko ukutani, mkubwa. Kadi ni kivuli chake, na hata rangi zake si za kuaminika. Kadi za Weimar sivyo. Zilichorwa mahususi kwa ajili ya kadi, zikachapwa kwa litografia, yaani kutoka kwenye jiwe lililochorwa. Basi ni nakala za nini? Ni kama ndugu wa tumbo moja: hakuna aliye kivuli cha mwenzake. Kwa maoni yangu, Kiswahili kinalo neno lifaalo zaidi, nalo ni "chapa".

Watu waliziandikia salamu, wakazibandika stempu, wakazituma. Leo baadhi yake zimehifadhiwa katika Museum of Modern Art, New York.