Vidaka vya Mkomani na Mikeka ya Langoni

Mtu atokaye katika jua la saa nane mchana mjini Lamu na kupita mlango wa nyumba ya kale katika mtaa wa Mkomani, kwanza haoni kitu. Macho yake yamezoea nuru ya njiani, na nyumba aingiayo ina kiza. Baada ya kitambo, weupe humtokea mbele yake: ukuta mzima wa chokaa, wenye vishubaka vilivyopangwa kwa safu, juu na chini, kulia na kushoto, kama sega la nyuki. Vishubaka hivyo ndivyo viitwavyo vidaka, au zidaka kwa lafudhi ya Waamu wenyewe. Mgeni huuliza mara moja vilikuwa na kazi gani. Swali lake ni jema, na jawabu lake si fupi.

Siku hizi tukitaja kupamba nyumba, fikira zetu hukimbilia dukani, kwenye mapazia, picha, zulia na rangi za ukuta. Twadhani kuwa pambo ni kitu kiongezwacho baada ya nyumba kwisha, na kwamba mwenye fedha nyingi ndiye awezaye kuwa na nyumba nzuri. Wajenzi wa Lamu wa karne ya 18 hawakuanza huko. Kwao pambo lilianza na miti ya dari.

Dari ya nyumba ya mawe ilichukuliwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa katika hori za visiwa na bara iliyo karibu. Boriti ni mti mgumu, usioliwa upesi na mchwa, lakini dari ya mawe na chokaa ni mzigo mzito. Chumba kikizidi upana wa mita 3 hivi, boriti haziwezi kuuchukua. Kwa hiyo vyumba vyote vilikuwa virefu na vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri. Fedha zake zingeweza kuongeza ghorofa, wala hazikuweza kuongeza upana. Tena joto la pwani, pamoja na sitara ya watu wa nyumbani, vilikataza madirisha makubwa ya kutazama njiani. Nuru iliingia kutoka kiwanda, neno ambalo leo tunalitumia kwa maana nyingine, lakini Lamu lilikuwa na maana ya uwanja wa ndani usio na paa. Kutoka kiwandani mtu hupanda kidogo kidogo: kwanza msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha chumba kiitwacho ndani, kilicho cha bibi mwenye nyumba. Kila chumba kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia, na kila kimoja kina nuru haba kuliko mwenzake.

Basi fundi alikuwa na chumba chembamba, cheusi, chenye kuta za mawe zilizo nene kiasi cha nusu mita. Angeweza kuziacha zilivyo. Badala yake alizitoboa vidaka, akazipaka chokaa nyeupe, na kiza kikageuka kuwa mali yake. Nuru ndogo ifikayo kule ndani hushikwa na weupe wa kingo, na kivuli hulala katika mashimo, hata ukuta ulio karibu huonekana kana kwamba una vyumba vingine nyuma yake. Pale palipokuwa na shida kubwa zaidi ya nafasi ndipo alipoweka kazi kubwa zaidi. Mimi naona kuwa hili ndilo jambo la kwanza la kujifunza katika nyumba hizi, nalo halina uhusiano na bei.

Chokaa yenyewe ilipatikana hapo hapo. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya lundo kubwa la kuni, yakachomwa hata yakawa meupe na mepesi, kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa miezi mingi yalainike. Chokaa iliyotunzwa hivyo ilikuwa laini kama siagi. Fundi aliipaka ukutani, na kabla haijakauka alichora kwa kisu na bikari maua, nyota, misokoto na mistari. Hapakuwa na nafasi ya kufuta, kwani chokaa ikishika imeshika. Matumbawe yale ya baharini nayo huwa laini yakiwa mabichi, hukubali kuchongwa, kisha huwa magumu yakikaa hewani.

Ustadi huo haukuzuka kwa ghafula. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya mbao ya Kilwa kwa nakshi zake na kwa jinsi ilivyoungwa. Na huko Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kufukua magofu mwaka 1948, zilionekana nyumba za mawe zenye vidaka vidogo vya kuwekea taa. Nyumba hizo ziliitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: moja ni nyumba ya bakuli la kaure, nyingine ya mkasi, nyingine ya kauri. Yaani karne nyingi baada ya wenyewe kuondoka, kilichowatambulisha ni vitu vyao vya nyumbani.

Na vyombo vya kaure vina hadithi ndefu. Bakuli na sahani za Kichina zilifika pwani yetu kwa mikono ya wafanyabiashara wengi, zikipita bandari za Bara Hindi na Arabuni kabla ya kupakiwa katika majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi. Watu hawakuzitumia kwa chakula peke yake. Mambrui, kaskazini ya Malindi, ipo nguzo ya kaburi iliyopachikwa bakuli za Kichina. Katika nyumba za Lamu zilipangwa ndani ya vidaka, nyingine zikatobolewa ukingo wa chini na kutundikwa ukutani kwa uzi. Ziling'aa, na kwa imani ya watu wa wakati ule zilikinga jicho la husuda: jicho baya likiingia chumbani, hupasuka sahani badala ya kudhurika mtoto.

Kipo kitu kimoja ambacho mimi nakipenda kuliko sahani zote za ukutani. Katika choo cha nyumba kubwa palikuwa na birika la kuhifadhia maji, na chini kabisa ya birika lile fundi alipachika bakuli la kaure. Ndani ya maji walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Birika lilipotolewa maji ili lisafishwe, samaki walibaki salama katika bakuli. Sijui kama yuko awezaye kusema hapo uzuri umekwishia wapi na matumizi yameanzia wapi.

Mwenye nyumba hasa alikuwa mwanamke. Muungwana wa Lamu aliyeoza binti yake alitazamiwa kumpatia nyumba, au walau ghorofa. Ndiyo sababu nyumba nyingi zilipanda juu, na nyingine zikavuka njia kwa chumba kilichojengwa juu ya vichwa vya wapita njia, nacho huitwa wikio. Ukuta wa vidaka ulikuwa mandhari ya arusi: hapo mbele yake bibi arusi alionyeshwa kwa wanawake wenziwe, akiwa amezungukwa na kaure, vyombo vya shaba, vitambaa vya ng'ambo na moshi wa udi. Wanaume wageni waliishia katika daka la mlangoni. Huko palikuwa na mabaraza ya mawe, na pengine kiti cha enzi cha mpingo kilichotiwa vipande vya pembe na kusukwa kwa nyuzi, ambacho hakukikalia ila mgeni wa heshima.

Nikiishia hapa nitakuwa nimesema nusu ya habari, na nusu iliyo rahisi. Nani aliyachoma matumbawe? Nani aliyabeba mawe na kukata boriti ndani ya matope? Utajiri wa Lamu na wa Pate ulitoka katika biashara ya pembe, boriti na nafaka, na mashamba yaliyokuwa bara, mkabala wa visiwa, yalilimwa na watumwa. Kwa desturi ya mji, nyumba ya mawe ilikuwa haki ya waungwana, na mtumwa hakuwa na ruhusa ya kujijengea, hata kama mikono iliyojua kazi hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Weupe ule unaotupendeza ulikuwa pia mpaka uliowekwa kati ya watu na watu. Mwanafunzi aendaye kuitazama Lamu na auone ukuta huo pamoja na maneno haya.

Sasa tushuke kusini ya mji, mtaa wa Langoni. Huko nyumba zilikuwa za udongo na makuti. Mwenye nyumba ya namna hiyo hakuwa na kidaka cha kuchonga wala kaure ya Kichina, naye alitaka nyumba yake ipendeze vile vile. Alifanya nini? Alipaka ukuta wa udongo chokaa hiyo hiyo, kwa mkono mmoja mwepesi, akaurudia kila ulipochakaa. Alijenga baraza nje ya mlango, maana baraza la udongo hukaliwa na wageni sawasawa na la mawe. Ndani alitandika mikeka.

Mkeka ni elimu ya peke yake. Ukindu huvunwa, huanikwa, hupasuliwa, na sehemu yake huchemshwa pamoja na rangi. Wanawake husuka ukili mrefu mwembamba, kisha ukili huo hushonwa, mzunguko juu ya mzunguko, hata mkeka ukatimia. Msukaji hana mchoro mbele yake, hesabu yote ya nakshi imo kichwani, naye huenda akizungumza huku vidole vikihesabu. Kwa njia hiyo hiyo husukwa misala ya kusalia na kawa za kufunikia chakula. Mtu aliyekuwa na ukindu na saburi alikuwa na pambo la sakafuni, la ukutani na la mezani, wala hakuwa na deni kwa mtu.

Baadaye vitu vya bei nafuu vilianza kuvuka mpaka. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilituma sahani nyingi zenye maua yaliyopigwa chapa, zikiwamo za mji wa Maastricht huko Uholanzi, na watu ambao hawakuweza kununua kaure ya kale walizitundika hizo. Katika nusu ya pili ya karne hiyo ikaingia kanga. Kanga iliyochakaa kuvaliwa ikawa pazia la mlango, na pazia lile, likicheza kwa upepo, lilifanya kazi ya mlango wa mbambakofi ulionakshiwa: lilisitiri wa ndani na kumjulisha apitaye kuwa nyumba ina mwenyewe. Wajuzi wa sanaa hawakuyaandikia mapambo haya kurasa nyingi kama walivyoviandikia vidaka. Naona wamekosa hapo.

Pate ilitangulia kuanguka. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, uliotungwa mapema katika karne ya 19, aliyatazama majumba ya wakuu wa Pate yaliyokuwa yamehamwa, akayafanya kuwa somo la nafsi yake. Lamu ilidumu zaidi, lakini nayo ikafikiwa. Biashara ya watumwa ya baharini ilipigwa marufuku mwaka 1873, na hali ya utumwa yenyewe ikafutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Haki ilikuwa imechelewa sana. Lakini majumba yaliyotegemea jasho la bure hayakuweza kujitunza, na chokaa isiyorudiwa huingiza mvua, nayo mvua huozesha boriti. Familia nyingi zilihama vyumba vya juu, nyingine zikauza.

Mauzo hayo ndiyo yaliyotuachia jeraha linaloonekana mpaka sasa. Katika miaka ya 1960 na 1970 wageni wapenda vitu vya kale walikuja wakinunua viti vya enzi, sahani na hata milango mizima. Bibi aliyehitaji karo ya mjukuu aliteremsha sahani iliyokaa kidakani toka zama za nyanya yake, akapewa alichopewa. Ni vigumu kumlaumu. Mji wa kale uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya Kenya mwaka 1986, na mwaka 2001 Lamu ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ulinzi huo umezuia mengi, ingawa haukuwarudisha viti na sahani makwao. Umefufua pia kazi ya chokaa, kwa kuwa ilionekana kuwa saruji, pamoja na ugumu wake, hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe na kuuharibu.

Wako mafundi Lamu leo wachongao chokaa mbichi kama zamani, na kazi yao hutakiwa sana na wenye hoteli na wageni walionunua nyumba za Mkomani. Wenyeji wengi hawawezi kuilipia. Lakini mafundi hao hurudi nyumbani jioni, na baadhi yao hujichongea wenyewe kidaka kimoja au viwili katika ukuta wa chumba cha kawaida. Ukiingia utavikuta vina kazi: kimoja kina saa na chetezo, kingine kina Msahafu, na cha chini, anachofikia mtoto, kimejaa madaftari ya shule.