Vernon: Jiji la watu 222 kando ya Los Angeles

UKITOKA katikati ya Los Angeles, nchini Marekani, na kuelekea kusini-mashariki kwa takribani kilomita nane, utaingia katika jiji jingine pasipo kutambua. Utakachoona ni maghala, viwanda, njia za reli na malori. Nyumba za kuishi utazitafuta sana kabla ya kuziona.

Jiji hilo linaitwa Vernon. Lina ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 13, nalo lina meya wake, baraza lake la madiwani na polisi wake. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu wakazi 112 pekee, na ya mwaka 2020 ikapata 222. Hata hivyo, kila siku ya kazi makumi ya maelfu ya vibarua na wafanyakazi huingia humo asubuhi na kurejea kwao jioni.

Msomaji wa Kenya atashangaa mahali kama hapo kuitwa jiji. Hapa kwetu, sheria inayosimamia miji na majiji, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, hudai wakazi wasiopungua 250,000 kabla ya mji kupewa hadhi hiyo. Katika jimbo la California sheria haitofautishi mji na jiji. Lakini hata huko, leo hii eneo haliwezi kusajiliwa upya bila kuwa na wapiga kura 500, idadi inayozidi wakazi wote wa Vernon.

Jiji hilo liliundwa mwaka 1905. Mwasisi wake mkuu alikuwa John Leonis, mfanyabiashara mwenye asili ya Kibaski, aliyeona kwamba mashamba yaliyopitiwa na reli yangefaa kwa viwanda. Azma hiyo ya viwanda ndiyo iliyokuja kuwa kauli mbiu ya jiji, nayo haikumtaja mkazi hata kidogo.

Katika miaka ya mwanzo Vernon ilisifika kwa anasa. Maeneo mengi jirani yalikuwa yamepiga marufuku vileo, hivyo watu walimiminika humo kunywa, kutazama ndondi na kushabikia timu ya besiboli ya Vernon Tigers. Mwaka 1919 timu hiyo ilimilikiwa na Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mashuhuri wa filamu zisizo na sauti. Marufuku ya pombe ya nchi nzima ilipoanza mwaka 1920, sherehe zilikwisha, zikabaki karakana na vichinjio.

Katika miaka ya 1930 jiji lilianzisha shirika lake la umeme. Umeme wa bei nafuu ukawa chambo cha kuwavuta wenye viwanda.

Tatizo lilikuwa kwenye kura. Kwa miongo mingi, karibu nyumba zote chache zilizokuwapo zilimilikiwa na baraza lenyewe, na wengi wa wapangaji walikuwa waajiriwa wa jiji au jamaa zao. Mpiga kura alikuwa akiamua hatima ya mtu aliyekuwa mwajiri wake na mwenye nyumba yake kwa wakati mmoja. Si ajabu kwamba miaka ilipita bila uchaguzi wenye ushindani. Wahenga walisema kesi ya ngedere huwezi kumpelekea nyani.

Mwaka 2006 kikundi cha wageni kilihamia Vernon, na watatu miongoni mwao wakawania udiwani. Wakuu wa jiji waliwakatia umeme, wakawafukuza katika jengo walimokuwa wakiishi na kufuta majina yao katika sajili ya wapiga kura, wakidai kwamba ilikuwa njama ya kuliteka jiji. Mahakama iliamuru uchaguzi uendelee. Kura zilikaa kwa miezi kadhaa bila kuhesabiwa, na zilipohesabiwa hatimaye, madiwani waliokuwapo walishinda.

Miaka mitatu baadaye, Desemba 2009, Leonis Malburg, mjukuu wa mwasisi aliyekuwa meya kwa miongo kadhaa, alipatikana na hatia ya udanganyifu wa kura na kutoa kiapo cha uongo. Ilithibitishwa kwamba makazi yake halisi yalikuwa katika mtaa wa kifahari wa Los Angeles, si katika jiji alilokuwa akiliongoza.

Mwaka 2011 Spika wa Bunge la California, John Pérez, aliwasilisha mswada wa kulivunja jiji hilo. Ulipita katika Bunge, lakini ukaanguka katika Seneti mwezi Agosti. Wenye viwanda na vyama vya wafanyakazi, ambao ni nadra kuketi meza moja, waliupinga kwa pamoja wakihofia ajira. Vernon nayo iliahidi mageuzi: mishahara ya madiwani ilipunguzwa, mihula yao ikawekewa ukomo, na John Van de Kamp, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, akawa mshauri huru wa maadili.

Mageuzi ya maana zaidi yalikuwa ya nyumba. Mwaka 2015 zilifunguliwa nyumba 45 za kupangisha ambazo hazikuwa mali ya jiji. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, sehemu kubwa ya wapiga kura haikuwa na baraza kama mwenye nyumba.

Lakini kuna watu ambao mageuzi hayo hayakuwafikia. Mwaka huo huo wa 2015, kiwanda cha Exide kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu jijini Vernon kilikubali kufungwa kabisa ili kuepuka mashtaka ya jinai. Vumbi lake la madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, lilikuwa limetua katika maelfu ya nyua za mitaa na miji jirani, kama vile Boyle Heights na Maywood. Mwaka 2016 jimbo lilitenga zaidi ya dola milioni 176 kupima na kusafisha udongo. Mwaka 2020 mahakama ya ufilisi iliruhusu kampuni hiyo kulitelekeza eneo la kiwanda, na mzigo ukawaangukia walipa kodi.

Familia hizo zilikaa umbali mfupi tu kutoka Vernon na kuvuta hewa yake, lakini kwa kuwa zilikuwa ng'ambo ya mpaka, hazikuwa na kura ya kumchagua hata diwani mmoja wa jiji hilo. Mpaka uliochorwa mwaka 1905 uliwaingiza wenye viwanda na kuwaacha nje waliovuta moshi wao.