Pulsa badilifu ya milisekunde
Nyota ya nyutroni ni kiini kinachosalia baada ya nyota kubwa kulipuka, nacho hubeba maada nyingi kuliko Jua ndani ya tufe lenye kipenyo cha kilomita 20 hivi. Ikiwa inazunguka na kutupa mawimbi ya redio yanayoifikia Dunia kwa mapigo, huitwa pulsa. Na mzunguko wake mmoja ukichukua sehemu chache tu za elfu za sekunde, huitwa pulsa ya milisekunde.

Pulsa ya kawaida huishi kwa akiba ya mzunguko wake, ambao hupungua kasi polepole na nishati yake kugeuka mnururisho. Ikiwa na nyota mwenza karibu, hata hivyo, gesi ya mwenza huyo huweza kuvutwa, ikatanda kama sahani kuizunguka pulsa, kisha ikaiporomokea. Hapo chanzo cha nishati ni uvutano, kwa kuwa gesi inayoporomoka hupata joto kali mno na kutoa eksirei. Mtiririko wa gesi ukipungua, msukumo wa pulsa yenyewe huifukuza, na mapigo ya redio husikika tena. Pulsa ya milisekunde inayobadilika hivi kati ya hali hizi mbili ndiyo pulsa badilifu.

Nyota iitwayo PSR J1023+0038, inayojizungusha mara moja kila milisekunde 1.69, ilionyesha dalili za sahani mwaka 2001, ikatambuliwa mwaka 2007 kuwa pulsa ya redio isiyo na sahani, kisha Juni 2013 mapigo hayo yakatoweka na sahani ikarudi. Mwaka huohuo, IGR J18245-2452, iliyomo katika kundi la nyota la M28, iliyokuwa imekwisha kujulikana kwa mapigo yake ya redio, ililipuka kwa eksirei na kurudia redio baada ya majuma machache tu.

Kwa sababu hiyo, “pulsa ya mpito”, ingawa ni tafsiri iliyo jirani ya neno la Kiingereza “transitional”, haitoshelezi: mpito, kama katika serikali ya mpito, hudokeza safari moja yenye kikomo, ilhali nyota hizi huenda na kurudi. Ni kweli kwamba wanaastronomia huziona kuwa ushahidi wa hatua ambayo gesi ya mwenza, kwa muda mrefu sana, huiongezea pulsa kasi ya mzunguko. Lakini linalozitofautisha na pulsa nyingine ni tabia ya kubadilika, nayo hubebwa vyema zaidi na neno badilifu.