Milia, mabaka, madoa

Nyamisati, wilayani Kibiti, wanakopandia boti waendao Mafia, paka hawakosi penye samaki. Mwulize mtu wamekaaje, atakujibu, "Wana rangirangi." Jibu hilo halitoshi, maana Kiswahili kina maneno ya kuwatenganisha.

Mlia ni mstari uliochorwa mwilini. Wingi wake milia, kama kwa punda milia. Paka wa kijivu mwenye mistari ubavuni, pete mkiani na alama kama herufi M kwenye paji la uso, huyo ni wa milia. Ndiyo sura ya paka pori wa Afrika, babu wa paka wote wa nyumbani. Doa ni dogo, limejitenga na jingine, kama madoa ya chui.

Baka ni eneo pana la rangi, na hapa ndipo penye utamu. Mtazame paka mweupe mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa. Karibu kila mara ni jike. Jeni ya rangi ya chungwa imo kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, na kila seli huzima moja: hapa weusi unashinda, pale uchungwa. Dume ana X moja tu, hivyo hupata rangi moja kati ya hizo mbili. Mwaka 2025 watafiti wa Japani na Marekani walichapisha jina la jeni hiyo, ARHGAP36.

Walimu wa Kibiti na Rufiji, wafundisheni watoto maneno haya kwa kuwaonyesha paka wa mtaani.