Nani Alimlipia Mpuliza Saksafoni?

Historia ya muziki wa Nairobi imesimuliwa kupitia gitaa, na mpuliza saksafoni akaachwa pembeni kama pambo. Naamini tatizo lake halikuwa masikio ya wasikilizaji bali gharama. Gitaa liliweza kuundwa kwa mbao na waya wa breki ya baiskeli. Saksafoni haiundwi kichochoroni. Ule ulimi mwembamba wa mwanzi unaofungwa penye mdomo wa ala ukipasuka, kazi imesimama hadi upatikane mwingine kutoka ng'ambo. Na mpulizaji anayetegemewa huhitaji zaidi ya ala moja: alto, tenori, pengine klarineti na filimbi. Ndiyo maana saksafoni ilistawi pale palipokuwa na mfuko wa kuibeba.

Tazama kambi ya jeshi ya Lang'ata, Nairobi. Maroon Commandos, bendi iliyoanzishwa mwaka 1970 katika Kikosi cha Saba cha Kenya Rifles, ilipiga muziki wenye ala za kupuliza huku wanamuziki wake wakila mshahara wa jeshi. Chini ya Habel Kifoto ikatoa "Charonyi ni Wasi" mwaka 1977, wimbo wa Kitaita uliopendwa hata na wasiojua neno la Kitaita. Wapo watakaosema ala za kupuliza zilikuwa mambo ya Wakongo. Ni kweli Les Mangelepa, walioanza hapa Nairobi mwaka 1976, walizipa nafasi kubwa, na Virunga ya Samba Mapangala ikatamba katika klabu za Starlight na Garden Square. Sikiliza saksafoni ya "Malako", wimbo wa Virunga, uone nani anauongoza wimbo. Lakini Kifoto na wenzake walikuwa askari wa Kenya. Wengine watasema benga, muziki wa magitaa, ndiyo iliyoizima saksafoni. Benga ilipendwa, sikatai, ila aliyeipenda hakukatazwa kuicheza "Charonyi" pia. Kilichoamua ni hesabu ya mwenye klabu: wapulizaji watatu ni mishahara mitatu, na kinanda cha umeme huwaiga wote kwa mshahara mmoja.

Kisha mfuko ukapatikana tena: mwaka 2014 kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha tamasha la jazz, na mapato yakasaidia mradi wa Ghetto Classics kuwafundisha muziki watoto wa mtaa wa Korogocho. Ala zikapatikana, na wapulizaji wakaonekana. Kaunti ya Nairobi nayo inunue saksafoni na klarineti, izikopeshe shule za Kangemi na Kawangware.